Hodi Kabatini

Wiki nzima mmenishika mikono barabarani mkiniuliza nani alikuwa ndani ya lile kabati. Haya, vuteni viti. Aliyekosa wiki jana asogee karibu nimkumbushe upesi.

Nesi wetu wa zamu ya usiku amepanga nyumba iliyokarabatiwa, ghorofa ya tatu, kwenye mtaa uliotulia hadi paka wake wanatembea kama wamevua viatu. Mkataba wa majaribio ni wa miezi mitatu: mpangaji mmoja, kimya, hakuna msumari ukutani, hakuna mgeni wa kulala.

Leo miezi mitatu imetimia. Saa tatu asubuhi mwenye nyumba, ambaye jengo zima humwita Bi Mkataba, anakuja kukagua. Akiridhika, anasaini miaka miwili. Asiporidhika, Nesi anarudi kwenye nyumba ya ukoo, watu kumi na mmoja na redio mbili, mahali ambapo kwa miaka tisa hakulala mchana hata mara moja, mpaka Matroni akamwambia akisinzia tena wodini atafute kazi ya kusinzia.

Na humo ndani, kinyume cha mkataba, yumo Shangazi. Alikuja kwa siku tatu kutibiwa macho. Hii ni wiki ya tatu. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni mpe jembe, lakini nyumba ya vigae vyeupe jembe utalitoa wapi?

Saa tatu kasoro robo Nesi akamsukumia Shangazi ndani ya kabati la chumbani, katikati ya sare, akafunga mlango. Ndipo sauti ya kiume, nzito, yenye adabu zake, ikatoka mle mle kabatini:

"Hodi."

Mtu mwingine angepiga ukelele. Mwingine angezirai akaangukia viatu. Lakini Shangazi ni mtu aliyelelewa. Tangu azaliwe hajawahi kubishiwa hodi akanyamaza, awe anaoga, awe ana homa, awe amelala fofofo. Humo gizani, hanga ikimchoma sikio, akajibu kama alivyofunzwa na mama yake.

"Karibu."

Nesi alisikia ubao ukikwaruza. Akafungua kabati.

Watu wawili. Shangazi upande wa kushoto, amekumbatia koti la mvua. Upande wa kulia, akichungulia kati ya sare mbili kama anayetazama kupitia pazia, mzee mrefu mwenye miwani, ameshika kitambaa cha kufutia vumbi.

Nesi akamtambua. Ni jirani wa ukuta mmoja. Mkutubi mstaafu, miaka arobaini ya kuwaambia watu wanyamaze, na mpaka leo akipita kwenye ngazi watu wazima wanameza pipi zao nzima nzima wasizitafune. Ndiye aliyeingiza vikaratasi viwili chini ya mlango wa Nesi. Cha kwanza kiliandikwa: "Jana saa nane mchana, maongezi." Cha pili, siku Shangazi alipokuwa kliniki ya macho: "Leo hakuna maongezi?"

Nesi hakula siku hiyo.

Mkutubi akaomba radhi kwanza kwa kuingia kwa njia isiyo ya kawaida. Akaeleza kwamba alisogeza rafu ya vitabu apate kufuta vumbi, akakuta nyuma yake ule mlango wa zamani bado upo, maana zamani nyumba hizi mbili zilikuwa nyumba moja. Akaufungua. Akakuta ubao wa plaiwudi. Akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda.

Mnaona kazi ya fundi wa ukarabati? Aliambiwa ajenge ukuta azibe mlango, kisha aweke kabati mbele. Yeye akaanza na kabati. Alipoona mlango hauonekani tena, akaona kuuziba mara mbili ni uroho wa saruji. Akapaka rangi, akaondoka.

Sasa Nesi akasubiri hukumu yake. Mkutubi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamgeukia Shangazi.

"Mama," akasema, "naomba kuuliza jambo moja tu. Yule bwana mwenye saa, alirudi au hakurudi?"

Nesi akamtazama Shangazi. Shangazi akalitazama koti la mvua.

Ni hivi, wasomaji wangu. Shangazi kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa kitandani kwa Nesi, mgongo kwenye kabati, simu sikioni, akiwasimulia ndugu zake habari za mji mzima. Nesi humlaumu kwa mdomo. Moyoni ana siri ambayo hajamwambia mtu: wiki za mwanzo, alipokuwa peke yake kwenye nyumba hii tulivu, hakupata lepe la usingizi. Kimya kilimpigia kelele. Alikuja kulala siku Shangazi alipofika na maongezi yake, akalala kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kumbe upande wa pili wa ubao maongezi hayo yalikuwa na msikilizaji mwingine, mwenye kiti chake na kikombe chake, wa kuanzia saa nane kamili.

Mkutubi akamkumbusha ile habari, asije akajibiwa nyingine. Kuna mama mmoja wa kule kwao Shangazi, mumewe fundi saa. Watu wanaleta saa za ukutani zitengenezwe, hawarudi kuzichukua. Zimefika thelathini na moja ukutani, na kila moja ina imani yake kuhusu wakati, kwa hiyo saa sita ikianza kugonga sebuleni inamalizikia chumbani dakika kumi baadaye. Mama akachoka, akamwambia mume achague, yeye au saa. Mume akafikiri kidogo, akachukua begi, akachukua saa moja kwapani, akatoka.

"Hapo ndipo simu yako ilipoisha chaji," Mkutubi akasema. "Jumanne. Leo ni Jumamosi."

Shangazi akajitazama vidole. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo si yake, kwamba hakurudi.

Nesi akamtazama. Saa thelathini na moja. Nani katika ukoo asiyeijua ile sebule? Nani hajalala pale akaamshwa na adhuhuri mara tatu? Yule mama wa kule kwao alikuwa Shangazi mwenyewe. Hakuna macho yaliyokuwa yakitibiwa, au kama yalitibiwa, yalikuwa yamevimba kwa sababu nyingine.

Nesi alitaka kusema neno la huruma. Hakupata nafasi, kwa maana Shangazi alikuwa amekwisha kunyoosha shingo akichungulia upande wa pili wa ubao.

"Baba, birika lako linamwagika," akasema, akapita.

Jamani, kupita kwenyewe kulikuwa kukubwa. Shangazi si mtu wa mlango mwembamba. Sare moja ilimfuata begani hadi jikoni kwa mzee wa watu. Wakamsikia akizima jiko, akifungua makabati, akiuliza kwa sauti ni nani aliyempangia vyombo huyu baba, vikombe huku na visahani kule kama watu waliogombana.

Ndipo mlango wa Mkutubi ukagongwa.

Nesi akatazama saa. Tatu kamili. Akakumbuka kifungu cha nane cha mkataba: kabla ya kukagua nyumba, mwenye nyumba huanza kwa jirani wa ukuta mmoja, ambaye husaini kwamba hajasikia kelele. Bi Mkataba alikuwa mlangoni kwa Mkutubi. Mkutubi alikuwa ndani ya kabati la Nesi. Na aliyekuwa karibu na mlango alikuwa Shangazi, mwenye birika mkononi.

"Usiitikie," Nesi akanong'ona kuelekea gizani. "Shangazi, nakuomba."

"Hodi," ikasema sauti ya Bi Mkataba.

"Karibu, ingia tu," akajibu Shangazi.

Nesi akafumba macho. Mkutubi akamvuta kwa upole ndani ya kabati, wakasimama bega kwa bega nyuma ya ubao, masikio yametega.

Walisikia viatu vya Bi Mkataba vikiingia hatua tatu na kusimama. Wakasikia mkoba ukiwekwa mezani. Kisha lile swali.

"Na wewe ni nani?"

Hapa Shangazi angeweza kusema mambo mengi. Mfanyakazi wa usafi. Mtu aliyepotea mlango. Lakini Shangazi ana heshima yake, na hapo alipo amevaa kanga ya kiunoni, ana birika la mtu mkononi, na vikombe vya mtu amekwisha kuvipanga upya. Zaidi ya hayo, alijua akilitaja jina la Nesi tu, mtoto wa kaka yake amekwisha. Akaliangalia birika. Birika likamshauri vibaya.

"Mimi ndiye mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa hapa. Wa kwake."

Kabatini, Mkutubi alitoa sauti ambayo kwenye maktaba yake ingemtoa mtu nje.

Nesi alimshika mkono kumwomba samahani. Akamwambia kwa kunong'ona kwamba atatoka aseme ukweli, afukuzwe tu, mambo yaishe. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amesawijika.

"Hujui," akanong'ona. "Huyo mwenye nyumba ni dada yangu. Tumbo moja. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa sita huu, kila akija hapa ni wimbo mmoja: kaka, oa."

Upande wa pili kiti kilikwaruza. Bi Mkataba alikuwa amekaa. Huyu mama ambaye hukagua hata vumbi la juu ya balbu alikuwa akilia, kwa mlio mwembamba wa mtu asiye na mazoezi.

"Wifi yangu," alikuwa akisema. "Wifi yangu jamani, na mimi sijui. Na kaka kanyamaza hivyo hivyo na ukutubi wake."

Sasa nawauliza nyinyi. Mkutubi angefanya nini? Akikana, dada atauliza huyu mama ametoka wapi, na njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na upana wa kabati. Akikubali, ameoa. Mzee akageuka. Akamtazama Nesi, macho mekundu ya zamu ya usiku, sare imekunjika. Akatazama kile kiti chake kule chumbani, kilichogeuzwa kuelekea ukuta.

Akanyoosha kola, akapita mlango wa zamani, akatokea sebuleni kwake na kitambaa chake cha vumbi.

"Ndiye huyo," akasema. "Nilitaka nikuambie."

Miaka arobaini ya kazi bila uongo hata mmoja, akaimaliza kwa maneno mawili.

Nesi alirudisha ubao, akafunga kabati, akakimbia sebuleni kwake, akaketi kwenye kochi mikono magotini kama mpangaji wa kwenye picha. Dakika mbili baadaye wote watatu walikuwa mlangoni kwake. Bi Mkataba mbele, kope bado zimelowa, amemshika Shangazi mkono kama yai, Mkutubi nyuma.

Ukaguzi ulikwenda kama siagi. Bi Mkataba alipitisha kidole kwenye dirisha, akaangalia kuta kama zina tundu la msumari, akavuta na kusukuma droo za jikoni zile zinazojifunga zenyewe polepole. Akamwuliza kaka yake kama amesikia kelele yoyote upande huu. Mkutubi akasema hajasikia neno ambalo hakutaka kulisikia, akasaini.

Nesi akaanza kupumua. Akawakaribisha chai. Shangazi, kwa mazoea, akainuka, akafungua kabati la tatu kushoto, akanyoosha mkono nyuma ya unga, akatoa sukari.

Bi Mkataba akaitazama ile sukari.

"Wifi, umejuaje iko huko?"

"Wanawake wote wanaofanya zamu huficha sukari nyuma ya unga," Shangazi akajibu bila kupepesa. "Wasiiote usiku."

Maana yake hakuna anayeijua mpaka leo. Lakini ilisemwa kwa uhakika mkubwa, na Bi Mkataba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeongezewa elimu. Akatoa mkataba wa miaka miwili kwenye mkoba. Akatoa kalamu. Akafungua kifuniko. Nesi aliliona jina lake limepigwa chapa, na chini yake mstari mtupu wa saini, akaona usingizi wote wa miaka miwili umelala pale.

Kalamu ikasimama hewani.

"Hapana," Bi Mkataba akasema. "Ngoja. Nafanya nini mimi?"

Akamgeukia Nesi kwa upole wa kweli, na upole wa mwenye nyumba, wasomaji wangu, uogopeni kuliko ukali wake. Akasema nyumba hii aliigawa mwenyewe mara tu wifi yake marehemu alipozikwa, kwa kuwa kaka alibaki peke yake na vyumba vinamlilia. Sasa kaka anaoa. Wifi hawezi kuletwa kwenye nusu ya nyumba. Fundi aitwe, kabati litolewe, mlango ufunguliwe, iwe nyumba moja kama zamani. Nesi ni mpangaji mzuri, hajapata kuona kimya kama chake, na kwa ajili hiyo atampa mwezi mzima wa kuhama.

Mnaona msiba? Akisema ukweli, anafukuzwa kwa kuficha mgeni. Akinyamaza, anafukuzwa kwa harusi ya shangazi yake. Na bibi harusi ana mume.

Nesi alimtazama Shangazi. Shangazi alimtazama Mkutubi. Mkutubi alitazama sukari.

"Dada," mzee akaanza, na kila mtu akajua sasa ndiyo sasa, kwa jinsi alivyovua miwani. "Kuna jambo."

"Hodi hapo," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu," Shangazi akajibu.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Kisha sauti ile ikamfikia akilini, na uso wake ukashuka wote kwa pamoja. Akaweka sukari chini. Akasema macho yanamsumbua, anakwenda kujilaza kidogo. Akaingia chumbani kwa Nesi bila kuonyeshwa njia.

Mlango ukafunguka. Alisimama pale bwana mfupi, mashati mawili, moja juu ya jingine, begi mkono wa kulia, na kwapani kushoto saa ya ukutani ya mbao, pendulumu imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alionekana amepanda ngazi zote akiichunga hiyo saa kuliko nafsi yake. Nesi akainuka kwenye kochi. Akataka kumwashiria. Mikono haikukubali.

"Mwanangu," bwana akasema, "mama yako kanielekeza huku. Shikamoo huitoi siku hizi?"

"Shikamoo, baba," Nesi akasema, chini kabisa.

"Marahaba. Nimeziuza zote. Thelathini. Hii imebaki kwa sababu ndiyo tuliyopewa harusini." Akaipapasa. "Shangazi yako macho yake yanaendeleaje?"

Bi Mkataba akafunga kifuniko cha kalamu. Kilitoa mlio mdogo.

Mkutubi hakumtazama dada yake, wala hakumtazama Nesi. Aliitazama ile saa kwapani, polepole, kama mtu aliyefikishiwa kitabu alichokitafuta kwa muda mrefu.

"Amerudi," akasema.

Saa, ingawa imefungwa kamba, ikaanza kugonga. Ilikuwa saa tatu na nusu. Yenyewe iligonga saba, ndani ya jengo ambalo kwa miezi mitatu halikuwahi kusikia hata kijiko kikianguka. Milango ikafunguliwa ghorofa ya juu na ya chini. Hakuna aliyesogea mpaka pigo la mwisho.

Ndipo Bi Mkataba akainuka na mkataba wake mkononi. Akamwambia Nesi, bila kupandisha sauti, kwamba amuitie shangazi yake atoke, ili yeye aulize swali moja tu: amelala humu siku ngapi. Kwa jibu hilo atasaini au atachana. Nesi hakwenda. Bi Mkataba akaenda mwenyewe.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakuna mtu juu yake. Lakini chini ya mlango wa kabati kulionekana ncha ya kanga imebanwa. Bi Mkataba, ambaye pia ni mtu aliyelelewa, hakufungua kabati la watu kwa nguvu. Akakunja kidole, akagonga mara tatu.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi humo ndani, wifi."

Kimya kabisa. Nesi alikuwa amesimama nyuma yake na kiganja mdomoni, Mkutubi nyuma ya Nesi. Fundi saa akawapenya wote wawili, saa kwapani, akaliangalia kabati, akaiangalia ile ncha ya kanga. Akatega sikio kama anavyotega kwenye mashine iliyokufa.

Kisha akaweka begi chini.

"Hayumo," akasema. "Angekuwemo angeitikia."